Kiganja Juu ya Injini

Milioni mbili na laki nane, fedha ya mayai,
trei kwa trei, miezi saba, kutoka Wakiso hadi mjini,
nimeifunga kwa mpira, nimeisukuma mfuko wa ndani,
na Jumamosi hii naingia Kisekka
kama mgonjwa aliyejiandikia dawa mwenyewe.

Ssemwanga ameniona kabla sijamwona.
"Subaru ya buluu! Njoo, mteja wangu wa damu."
Ameibeba ekzosi begani kama mwindaji na paa wake,
anaigonga kwa ukucha: ting.
"Funga hii. Ukipita Kajjansi
wauza mahindi watasahau kugeuza, yataungua."
Anayo koni ya kuvutia hewa, nyekundu, mdomo wazi,
kifaranga anayedai chake.
Anayo vali inayopiga mluzi kila unapoinua mguu.
Anayo intakula pana kama mlango wa kabati,
mapezi yake yamelala upande mmoja.
"Hayo? Makovu ya ushindi."
Vyote, anasema, ni vya bolti tu:
nati nne, spana namba kumi na mbili,
jioni unapaa.

Nakiri, mluzi ule niliutaka.
Nilishausikia usiku kitandani, kuku wamelala,
nikabadilisha gia kwa mguu chini ya blanketi
hadi mke wangu akauliza naenda wapi.

Ndeeba, nyuma ya wachana mbao,
fundi Twinamatsiko hasikii.
Tangu homa ya utotoni, dunia kwake ni mtetemo.
Nikampa simu, orodha imepangwa:
ekzosi, koni, vali, intakula.
Akasoma. Mabega yakacheka.
Akazungusha kidole: washa.

Kiganja juu ya injini,
macho yamefumbwa, uso umeelekea ukutani
palipo na kalenda ya mwaka juzi.
Misumeno ya jirani ikalia, ikanyamaza, ikalia;
kwake ni mamoja.
Kisha vidole vitatu hewani.
Silinda ya tatu.

Akaleta geji, akaandika kwa chaki sakafuni,
palipokuwa na nafasi kati ya madoa:
140. 138. 97. 141.
Na chini yake, kwa herufi kubwa:
WANUNUA MAPAFU. UBAVU UMEVUNJIKA.

Mtaka cha mvunguni huinama. Niliinama kweli,
tumbo juu, gunia mgongoni, tochi menoni,
nikaliona bomba la turbo limepasuka
kama kisigino cha kiangazi,
oili ikitoka tone, tone, bila haraka,
mayai yangu yakidondoka moja moja.

Nikaandika kwenye simu: "Na ule mluzi?"
Akaniangalia kitambo.
Akachukua chaki:
MIMI SIUSIKII.

Basi fedha ikaenda isikoonekana.
Valvu kusagwa. Gasketi. Plagi nne.
Mpira mpya wa turbo, mweusi, usio na jina.
Pedi za breki, ambazo sikuziorodhesha,
ambazo aliziongeza mwenyewe bila kuniuliza.
Kilichobaki nikakirudisha Kisekka;
Ssemwanga alinuna, akanihesabia chenji polepole,
akanipa intakula yenye makovu.

Usiku mbili niliketi bandani,
chini ya taa ya kuwapashia vifaranga joto,
nikinyoosha mapezi kwa kijiti cha meno,
pezi baada ya pezi,
vifaranga wakinipanda viatu.

Jumapili tulipanda Lweza, sisi wawili.
Hakuna mluzi. Hakuna ting.
Mlima ulikuja, ukapita
kama mtu mliyezoea kusalimiana.
Kajjansi, wauza mahindi hawakuinua uso;
waligeuza, wakapuliza makaa.

Twinamatsiko kando yangu,
kiganja juu ya dashibodi, macho yamefumbwa.
Nikakanyaga.
Vidole vinne.