Kibanda Nambari Nne

Eemeli, kabla hujagusa kitasa, soma taa.
Kijani, ingia. Nyekundu, simama hapo hapo thelujini
hata ndevu zikikuganda.
Haiwaki kabisa? Basi hiyo nayo ni nyekundu.
Maneno haya nimewaambia vijana kumi na mmoja.
Wewe ni wa kumi na mbili, na wa mwisho:
mwezi wa nne narudisha funguo.

Hiki ndicho kichanganuzi. Sanduku la kijivu,
kimo cha jokofu, bei ya nyumba ya shangazi yako kule Oulu.
Kinanusa pumzi ya tanuri la chokaa
na kumwambia Marketta, kwenye viooo vyake,
oksijeni ngapi, kaboni monoksidi ngapi,
ile gesi ya mayai viza ngapi.
Habari za dohani ya mita sitini anazo zote.
Za chumba hiki tulichosimama, hana hata chembe.

Bomba la sampuli liwe moto njia nzima,
tangu ubavuni mwa dohani mpaka hapa ukutani.
Likipoa urefu wa kiganja tu, mvuke hugeuka maji,
maji hunywa gesi, huwa tindikali,
na tindikali hula chuma kimya kimya, kama riba.
Nati kaza kwa spana mbili: moja ishike, moja izungushe.
Ndani, paka povu la sabuni. Likivimba
hata tone la ukubwa wa jicho la kuku, fungua, anza upya.
Nje sabuni huganda. Huko tunaziba ncha,
tunajaza shinikizo, tunatazama geji dakika ishirini.
Geji, nimesema. Si simu.

Mitungi, minyororo miwili kila mmoja.
Waya wa ardhi kwanza, umeme baadaye.
Na usinitajie haraka ya msimamizi:
haraka yake iko ofisini, imevaa soksi.

Sasa huyu, mtungi wa nitrojeni.
Ndiye anayekifundisha kichanganuzi maana ya sifuri.
Hana rangi, hana harufu, hakohozeshi mtu.
Pentti Kuivalainen alimzoea miaka tisa.
Asubuhi ile ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini,
akafunga mlango, nani asingefunga?
Huko nyuma, ncha ya bomba la kutolea
ilikuwa imezibwa na barafu, gumba la mtoto mdomoni mwa chupa,
na gesi, ikikosa njia, ikajipenyeza irudi chumbani.
Nilimkuta ameketi, kalamu vidoleni.
Daftarini mwandiko umeanza vizuri,
kisha ukateremka mstari, ukawa uzi.
Na kichanganuzi kilisoma sifuri,
sifuri safi, kama kitabu kinavyotaka.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Ndiyo maana kuna kihisio hiki, usawa wa pua yako,
na taa imewekwa nje, si ndani:
ya ndani humwambia aliyekwisha kuingia.

Bibi yangu hakusoma, wala hakujua neno monoksidi.
Lakini jioni ya sauna aliketi mbele ya jiko
na kijiti, akichokoa makaa, akitafuta mwali wa buluu.
Ukiwapo hata mmoja, dohani haifungwi.
Tulilia baridi. Hakufunga.
Alitulaza tukitetemeka, akatuamsha sote saba.

Chukua ufagio huu. Hapana, si wa kufagia.
Hauko kwenye orodha ya vipuri, ni wangu, nakuachia.
Kila asubuhi zunguka nyuma kwanza,
gonga barafu kwenye ncha ya bomba,
vua glavu moja, kinga kiganja,
usubiri mpaka uisikie pumzi ikitoka.

Kisha njoo mlangoni.
Usome taa.