Kitabu Kisicho na Mwanzo

Mama Nabintu huuza sambaza soko la Kadutu,
na sambaza hufungwa kwa karatasi:
madaftari ya shule, kalenda za mwaka juzi,
barua za ofisi zenye mihuri ya watu wakubwa.
Kijana mmoja wa Nyamugo humletea rundo kila Jumatatu.

Jumatatu moja alitia mkono ndani ya rundo
akatoa Biblia isiyo na jalada.
Kurasa za mbele zilikwisha kwenda nyumbani
na samaki wa mtu mwingine.
Aliipangusa kwa ncha ya kitenge.
Mteja alikuwa amenyoosha mkono, anangoja.
"Vumilia," akamwambia, "wako nafunga kwa kalenda."

Alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na miwili,
darasa la jioni nyuma ya kanisa, kule Cimpunda,
mwalimu akimulika ubao kwa simu yake.
Maneno marefu kwake ni kama njia za mtaa wetu mvua ikinyesha:
unashika ukuta, unapanda kidogo,
unapumua, unapanda tena.

Basi akaanza pale kitabu kilipoanzia,
katikati ya sentensi,
katikati ya jangwa, watu wakilalamikia maji.
Hakujua wametoka wapi.
"Si kitu," alisema. "Hata Bukavu
niliwakuta watu njiani, nikaungana nao."

Kila alfajiri, kabla ya kushuka ziwani na beseni lake,
kidole chenye harufu ya samaki kinatembea juu ya mstari.
Mistari mitatu. Siku ya homa, mmoja.
Siku umeme uliporudi ghafla, minane, kwa uroho.
Alama yake ni kijiti cha ufagio.

Mimi ninayo nzima.
Ina zipu, ina kingo za dhahabu, zawadi ya ubatizo.
Miaka tisa juu ya kabati, ndani ya nailoni,
safi kama sahani ya wageni wasiokuja.
Mtu akiniuliza, nasema naijua,
kama unavyosema unamjua jirani
kwa sababu unaziona nguo zake zikianikwa.

Mwezi wa pili akanipigia:
"Nisomee mwanzo. Kwangu haupo."
Nilivuta zipu; ikagoma, kisha ikalia.
Tangu hapo, kila usiku saa mbili,
yeye Cimpunda, mimi Nguba,
na salio likiisha katikati ya gharika.

Tulipofika kwenye orodha ya vizazi, niliruka.
Nilidhani hatajua.

"Umeruka."
"Ni majina tu, mama."
"Majina tu."

Nikamsikia akisogeza kiti.
"Ule usiku mlima ulipoteleza bondeni kwetu,
redio ilisoma majina ya waliopatikana hai.
Tulisikiliza tumesimama, jikoni, hakuna aliyekaa.
La kaka yako Cikuru lilikuwa la mwisho kabisa.
Kama msomaji yule angekuwa na haraka yako..."
Hakumalizia.

Nikarudi juu ya ukurasa.
Niliyasoma yote, moja moja, hata yale ya kuvunja ulimi,
na baada ya kila jina akaitika "eeh",
kama mwenye nyumba anayepokea wageni mlangoni.

Sijawa mtakatifu. Juzi nilisahau, na juzi ile nyingine
nilisinzia, simu ikaanguka sakafuni,
naye akaendelea kuita "eeh? eeh?" chini ya kitanda.
Lakini dhahabu ya kingo imeanza kufifia
pale gumba langu linapokaa.

Kesho tunafika jangwani, kwenye sentensi ile iliyokatika,
mahali kitabu chake kinapoanzia.
Mchana huu simu imelia: ujumbe, herufi kubwa tupu,
wa kwanza kuandika maishani mwake.
USIANZE BILA MIMI.