Tisini na Tisa

Nilipewa fomu ya kurasa kumi na moja,
kinasa sauti, betri za akiba,
na kadi ya kuning'iniza shingoni
yenye picha yangu nimenuna.
"Usimwongoze kijana," alisema Dakta Mwachofi.
"Uliza, kisha unyamaze."

Nikavuka daraja la Nyali hadi Kisauni,
vichochoro vya nyuma ya kiwanda cha barafu.
Sampuli ni kila nyumba ya kumi na mbili:
nikabisha ya kumi na mbili, ya ishirini na nne,
japo kicheko kilitoka ya kumi na tatu.

Ya thelathini na sita akanifungulia Swabra,
miaka kumi na saba, unga wa mahamri hadi viwikoni.
Mama akatia sahihi ya idhini.
Yeye akatia ya ridhaa, akaikoleza mara mbili.

Kamilisha mara ishirini:
Mimi ni…
Akaandika mbio: binti, mwanafunzi, Muislamu,
mpishi wa mahamri, kipa wa timu ya shule.
Ya sita akaandika Mswahili, akakata,
akaandika Mgiriama, hakukata,
akaweka alama ya kuuliza, ndogo kama kunguni.
Ya saba, kalamu ikagoma.
Ukimya wa sekunde arubaini na moja.
Nimeupima baadaye, sikio kwenye kinasa:
sufuria, jogoo, mkokoteni wa muuza maji,
na pazia likisogea pasipo upepo.

Sikuliandika pazia.
Fomu haikuwa na kisanduku cha pazia.

Ofisini Tudor, chini ya feni yenye kikohozi,
tukawageuza watu tarakimu.
Ndiyo ni moja, la ni mbili,
asiyejibu ni tisini na tisa.
Swabra alikuwa na tisini na tisa kumi na nne,
zimejipanga kwenye skrini
kama viti vya harusi iliyoahirishwa.
"Data pungufu," akasema Dakta, si kwa ubaya.
"Mwondoe, au subiri duru ya pili."

Duru ya pili ni baada ya mwaka na nusu.
Utafiti wa kufuatilia ndio huo: unapiga simu isiyopatikana,
jirani akutume kwa jirani,
mpaka umkute mtu wako Kongowea
katika duka la shangazi, anapima maharagwe.

Fomu ile ile. Akajaza zote ishirini,
akaomba karatasi ya ziada.
Ya tatu: Mbeyu. "Ni jina la nyanya wa Kaloleni.
Shuleni sikulitaja."
Ya tisa: mdeni.
Ya kumi na moja: mtu asiyependa mahamri.
Ya kumi na tisa neno moja tu: bado.

Nikamwonyesha fomu ya zamani.
Maadili ya utafiti hayaruhusu, najua.
Nikamweleza zile tisini na tisa, kwamba maana yake hakuna kitu.
Akacheka, kipimo cha maharagwe kikamwagika.
"Nyanya mzaa baba, kila alfajiri na tasbihi yake,
yuwahesabu tisini na tisa,
na kila moja ina jina."

Sikuwa na jibu. Nikakimbilia kazi:
"Basi kati ya fomu hizi mbili, ipi ya kweli?"

"Swali gani hilo, we kaka?
Siku ile mama alikuwa nyuma ya pazia.
Nalikuwa namjibu yeye."

"Na leo? Leo ni nani yuko nyuma ya pazia?"

Akaokota maharagwe, moja moja, bila haraka.
Akaitazama kadi shingoni mwangu,
ile picha iliyonuna,
akakitazama kinasa na taa yake nyekundu.
"Wewe."

Nikakizima.
Ndipo akaanza kusema.