Komeo la Ndani

Nimechonga milango thelathini na miwili kwa mkono huu.
Mingine iko Mkoani, mingine imevuka kwenda Unguja,
kwenye nyumba ambazo sitalala.
Njumu za shaba, yungiyungi, mnyororo pembezoni:
uliza Wingwi nzima fundi ni nani.

Mwalimu Zuleikha hakuja kusifu.
Alikuja na daftari la mahudhurio kwapani,
akalifungua juu ya meza ya randa, kwenye unga wa mbao,
akanionesha mstari wa Mize.
Yupo, yupo, yupo, kisha sifuri nne.
Mwezi wa pili yake, sifuri nne.
Nikasema, mtoto huyu ana homa za vipindi.
Akanitazama mpaka haya zikanishika mimi.
"Choo cha skuli kina gunia, fundi. Hakina mlango."

Sisi wanaume hayo hatuulizi.
Yana wenyewe: mama, shangazi, somo.
Tunachouliza ni kwa nini mtoto hafaulu.

Na dada yake, Time, nilimwita mvivu.
Alipoacha kidato cha pili nilifurahi kidogo,
maana ulikuwa msimu, na vikonyo vinataka mikono.
Sasa vidole vyake vinanuka karafuu hata Ramadhani,
na hesabu ya pishi ananishinda.
Hajanilaumu hata siku moja.
Bora angenilaumu.

Usiku ule nikatoa ubao wa mfenesi
niliouweka kwa mlango wa hoteli.
Sikuchonga ua. Sikupiga njumu.
Bawaba tatu, na komeo upande wa ndani,
chuma laini, kinachotii kidole kimoja.

Kamati ikauliza nani kanituma, na kwa fungu gani.
Nikawaambia, mlango umeshasimama,
nendeni mkabishane nao.

Mize akaukagua kama mkaguzi wa wilaya.
Akaingia. Nikasikia chuma kikikaa mahali pake,
nami nje, nyundo mkononi, nimeduwaa
kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.
Akatoka: "Baba, umeliweka juu.
Wa darasa la tatu hawalifikii."

Nikalishusha.

Yamebaki matundu mawili yenye magunia,
na mbao sina.
Jana Time alipita karakanani,
akaacha noti zimefungwa kwenye ncha ya kanga kuukuu,
zinanuka karafuu.
Sikumuuliza za nini.
Nilichukua futi, nikaenda kupima.