Mjomba Pweza

Kila Jumamosi, saa tatu asubuhi,
Mjomba Pweza alitufunza kuhesabu:
mikono minane ya sponji, glavu za manjano.
"Haya, vipenzi, semeni nami!"
Nasi huku Majengo, tumebanana ukumbini kwa Bi Rukiya,
runinga mpaka izabwe kofi ndipo picha ikae sawa,
twasema naye, moja hata nane.

Kisha tangazo la juisi.
Kisha la kamari.
Kisha Pweza tena, macho ya vifuniko vya soda:
"Leo nani hakulia?"

Usiku ule gari lisilo nambari likaja kumchukua kaka.
Nilikuwa uvunguni. Nikahesabu, kama nilivyofunzwa:
viatu vinane, vyeusi, kamba zimefungwa vizuri,
na miguu mitupu miwili ya Athmani.
Sikulia.

Jumamosi tukafika kwenye herufi.
"A! A ya nini, vipenzi?"
Wenzangu: "Ya asali!"
Mimi: "Ya Athmani."
"Hodari!" akasema Pweza,
akapiga makofi, mikono yote minane,
na watoto wasioonekana wakacheka
pale pale walipozoea kucheka.

Bi Rukiya akainuka, akaizaba runinga kofi.
Picha ilikuwa sawa.