Kibaba cha Sumni

Mhina alikuwa karani wa posho kwenye shamba la mkonge.
Miaka ishirini na sita alipima unga wa watu kwa kopo,
akipitisha rula juu yake, vriip,
kilichozidi kinarudi guniani.
Mkono wa birika, walimwita.
Alipostaafu tukahamia Mabawa na kopo lake
na mbwa aliyemnunua kwa sumni, au ndivyo alivyodai,
naye akapimiwa kama kibarua:
kibaba alfajiri, kibaba magharibi,
rula, vriip.

"Mhina, huyo ni mbwa, si daftari."
"Tumbo halina breki, Edina. Breki ni kopo."

Alipokufa nililiweka juu ya kabati, kifudifudi.
Nikaanza kupima kwa jicho,
na jicho la mjane halijui kimo.
Sumni akilala mlangoni kungoja viatu visivyorudi,
namwongeza ugali.
Akiinua kichwa, vichwa vya dagaa.
Mkono mtupu haulambwi,
nami nilitaka kulambwa.
Kufika Kwaresima mkanda wa shingo haukufunga tena,
ngazi tatu za baraza alizipanda
kama mtu anayepanda Lushoto na gunia.

Jirani yangu Bi Mwanahawa hamgusi mbwa,
maji mara saba na udongo, hana muda huo.
Lakini moyo anao:
kila Ijumaa ukoko wa wali unavuka ua
umefungwa kwenye jani la mgomba.
Arobaini ya Mhina pilau alipika yeye, sufuria mbili,
na jioni akamkumbuka mfiwa wa miguu minne:
mifupa ya kuku, sahani nzima.

Mfupa uliopikwa ni mwongo.
Nje umelegea, unanukia karafuu;
chini ya jino unapasuka kuwa sindano.
Saa tano usiku Sumni anakohoa kama bawaba mbovu,
ute na damu
kwenye sakafu niliyoipiga deki kwa ajili ya wageni.

Daktari Kilua wa mifugo, binti mdogo,
alikuja kwa bodaboda kutoka Chumbageni.
Mimi nilishika taya, yeye akaingiza koleo,
akatoa kipande kirefu kama njiti ya kiberiti,
akakiweka kiganjani mwangu.
Hakunigombeza.
Alimbeba mbwa, akapanda mizani,
akamtua, akapanda peke yake,
akatoa hesabu kwa kidole hewani.
"Kilo nne hizi si zake," alisema.
"Ni zako, mama."

Jumamosi nilikwenda Mgandini.
"Semboja, nipe goti la ng'ombe. Bichi.
Liwe kubwa kuliko kichwa chake, asiweze kulimeza."
"Kichwa cha nani?"
"Cha Sumni."
"Mjukuu?"
Foleni nzima iligeuka.
Alikata kwa shoka, akasema mbwa wa babu yake kule Handeni
alikula mifupa ya kila namna, akafa kwa uzee.
Nikamwambia babu yangu mimi alivuka reli amefumba macho,
naye alikufa kwa uzee.
Hakunitoza kitu.

Robo saa tu, alisema daktari, kisha mnyang'anye.
Basi robo saa nakaa kwenye kigoda,
saa ya Mhina mkononi, imelegea,
nasikiliza meno yakikwangua.

Bi Mwanahawa nilimwambia kupitia uani:
ukoko ndiyo, mifupa basi.
Alinyamaza siku mbili.
Ya tatu jani likavuka, jembamba,
na sauti nyuma yake:
"Nimepunguza. Sijui kama umetosha."

Kopo nimelishusha.
Ugali kidogo, dagaa wasio na chumvi, kipande cha boga.
Rula sijaiona tangu mazishi,
napitisha kiganja.
Kilichozidi kinarudi sufuriani.
Sumni analamba mpaka bati linalia,
halafu ananitazama kwa yale macho.

Naenda kuosha kopo.