Namba Arobaini na Moja

Waulizeni makipa. Watazamaji huona goli,
sisi huona nyonga inavyogeuka kabla yake.
Miye Phulmati Tharu kanifunga mara kumi na moja,
tisa katika mechi moja, Maskati, mwezi wa Oktoba,
timu yao ya taifa ilipopita hapa kujinoa
na sisi tukakusanywa juzi yake tu,
mabinti wa Maabela na Wadi Kabir,
wengine na soksi za shule.
Goli la sita nililiona lote,
tangu lilipotoka mguuni mwake hadi liliponipita,
na mkono sikuunyanyua.
Mama akaniitia toka jukwaani, Kiunguja kitupu:
"We Zuwena, umeganda kama samli?"

Mechi hamsini na nane kwa Nepali, magoli thelathini na moja.
Hizo ni hesabu za karatasi.

Baba yake alimwaga zege nchi hii miaka kumi na tisa,
akilala Rusayl, chumba kimoja wanaume wanane.
Ijumaa moja akateremka Ruwi
akanunua viatu vya njumu, namba arobaini na moja.
Mtoto alikuwa na miaka kumi, mguu thelathini na tatu.
Angejuaje? Alimwacha wa kubebwa.
Akakisia, na mwenye duka akamtilia nguvu:
chukua vikubwa, mtoto hukua, kiatu hakikui.
Ncha akazijaza magazeti ya Kiarabu, akampa mtu apeleke.

Ndivyo alivyojifunza kupiga.
Kidole gumba hakikuwahi kuufikia mpira.
Kila shuti ni la mgongo wa mguu, pale kamba zinapofungwa,
na mpira huondoka kimya, hauzunguki,
ukikukaribia unayumba
kama mtu aliyesahau jina la mtaa wake.
Kwao walimwita Bata kwa hivyo viatu.
Baadaye hao hao wakapanga foleni kulipa kiingilio.

Halafu fainali ya kanda, penalti ya mwisho.
Nilitazama kwenye simu, nje ya mkahawa wa karaki,
gari likiunguruma kwa ajili ya kiyoyozi tu.
Akauweka mpira. Akauinua, akauweka tena.
Nikasema peke yangu: usifanye hivyo, bibie.
Juu. Juu kabisa, kwenye bango la saruji.

Mengine mnayajua, au hamkujali kuyajua:
goti, posho za miezi saba zisizolipwa,
jezi namba kumi na nne kapewa mtoto wa watu.

Sasa anafundisha watoto shule moja ya Ghubra,
na Alhamisi saa nne za usiku, jua likishatuachia,
tunachanga riali moja moja tukodi nyasi bandia.
Baba yake, huko Kailali, masikio yameliwa na mashine,
hupiga simu katikati ya mchezo, anapayuka:
"Uwanja gani huo? Wenye nguzo za njano?
Ya tatu kutoka langoni niliisimamisha mimi!"
Phulmati huiendea, huigonga kwa kiganja,
kisha hurudi kunifunga.

Nilimuuliza siku moja kuhusu ile penalti.
Akanijibu kwa Kiarabu chake cha sokoni:
wiki ile kampuni ilimpa viatu vipya,
vimepimwa kwa mashine, vimemkaa barabara.
"Kwa mara ya kwanza, Zuwena, kidole kilifika."

Mchezo ukiisha hukaa chini, huvivua.
Arobaini na moja. Mguu wake ni thelathini na saba.
Huchomoa gazeti, limelowa jasho, hunipa:
"Nisomee."
Namsomea: bei ya nguru imepanda.
Jana Fahud digrii arobaini na sita.
Mtu wa Ibri amepotelewa na ngamia jike,
rangi ya kahawia, chapa paja la kushoto.
"Kampata?"
Hapo pamechanika, namwambia.
Hulichukua, hulifinyanga upya,
huliingiza gizani mwa kiatu, hulishindilia kwa ngumi.